Pakiti Tatu za Kadi Sita

"Niliiba mimi," Abasi alisema kabla hata hajakaa. "Andika, Afande, tumalize."

Inspekta Ng'washi hakuandika. Katika miaka yake kumi na tisa ya upelelezi alikuwa amewatafuta wezi uvunguni, darini, na mara moja ndani ya kisima kikavu. Mwizi aliyekuja mwenyewe na kosa lake mkononi alimtia wasiwasi. Akamwonyesha benchi. Abasi alikaa polepole, mkono wa kulia umefungwa hogo la plasta ngumu kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole. Alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Ng'ambo, na huo ndio uliokuwa mkono wa kushikia msharasi wa kutobolea ngozi.

"Uliiba nini?"

"Kadi za kioo. Zote tatu."

"Ukazipeleka wapi?"

"Nikaziuza."

"Kwa nani?"

"Mtu wa Dar. Simjui jina."

"Ukamtumia kwa njia gani?"

"Basi."

"Basi gani? Siku gani?"

Abasi akatazama ukuta. "Sikumbuki, Afande."

Kesi yenyewe, ukimsimulia mgeni, atadhani unamfanyia mzaha. Wanaume kumi na wawili, wengine wana watoto wa sekondari, walikuwa wakikusanya picha za wachezaji wa mpira. Picha hizo huuzwa ndani ya pakiti iliyofungwa, kadi tano kila pakiti, shilingi elfu mbili dukani. Nyingi hazina thamani. Lakini katika kila katoni kiwanda huahidi kutia tatu zinazong'aa, ambazo vijana wanaziita kioo, na Dar kuna watu wazima na akili zao wanaonunua kioo kimoja kwa laki mbili na nusu.

Abasi ndiye aliyepiga hesabu. Ukinunua pakiti moja moja unalipa bei ya juu, na hujui kama wajanja hawajazichagua zile nzuri kabla yako. Ukinunua katoni nzima iliyofungwa kiwandani, maboksi kumi na mawili, pakiti mia mbili themanini na nane, bei inashuka na vioo vitatu vimo humo humo. Wakachanga elfu thelathini na sita kila mmoja, pamoja na usafiri. Kila mtu akaokoa elfu kumi na mbili. Vioo vikipatikana vingeuzwa, na pesa zingegawanywa sawa.

Jumapili mchana wakakutana nyuma ya kibanda cha Abasi, kila mtu na boksi lake, wakafungua pakiti zote. Hakikuonekana kioo hata kimoja. Majirani walipofika na makelele yao, vidole vitatu vya Abasi vilikuwa vimeshapondwa kwa tofali. Kisha watu wale wale waliovivunja wakamkokota mpaka kituoni, wakamfungulia kesi ya wizi.

Sasa ilikuwa Jumanne asubuhi.

"Ulipokwisha kuzitoa hizo kadi," Ng'washi akauliza, "pakiti ulizifungaje tena?"

Abasi akasita. "Kwa gundi. Mimi fundi viatu, gundi ninayo."

"Gundi ya viatu?"

"Ndiyo."

Ng'washi akafunga jalada, akamwita Koplo Kornel amrudishe mahabusu. Kornel aliporudi alikuwa anatabasamu. Kwake, kesi ilikuwa imekwisha.

"Amekiri, Afande."

"Amedanganya. Jana wewe na mimi tulikaa na gunia la pakiti mpaka macho yakatuuma. Tuliona nini?"

"Pakiti mia mbili themanini na tano zina mshono wa kiwandani. Tatu zilifunguliwa upande wa chini zikafungwa tena."

"Kwa gundi?"

Kornel alifikiri, tabasamu likapungua. "Hapana. Kwa moto. Plastiki iliyeyushwa."

"Gundi ya viatu inanuka mpaka nyumba ya tatu. Abasi hajui pakiti zilifungwaje, kwa hiyo hakuzifunga yeye."

"Lakini kesho asubuhi jalada linatakiwa mahakamani, na mtu kakiri kwa mdomo wake. Tunataka nini tena?"

"Tunamtaka aliyeiba. Abasi akienda na ungamo hili atafungwa, na waliomvunja vidole watasema walimkamata mwizi. Chukua katoni, twende mjini."

Duka la Mustansir liliuza madaftari, kalamu, mipira ya watoto na, juu ya kaunta, pakiti za kadi. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakushangaa kuwaona.

"Karibu, dada Inspekta. Nimekungoja tangu jana. Kikipotea kitu mji huu, watu huikumbuka kaunta yangu kabla ya kukumbuka mifuko yao."

"Katoni ililala kwako."

"Usiku mmoja. Alhamisi jioni imefika na mzigo wangu, Ijumaa saa tatu asubuhi Abasi kaichukua. Aliichanganya na madaftari yangu kupunguza nauli, nami nikakubali. Baba yake alitushonea viatu sisi wote, mpaka mzee wangu."

"Na ulikuwa na sababu ya kukasirika. Walikuruka, wakaenda kununua Dar."

"Walianza hapa hapa." Mustansir aligonga kaunta kwa kidole. "Nikawaambia, chukueni kwangu maboksi matatu matatu, nitawapunguzia. Wakakataa. Wakasema za dukani zimechambuliwa."

"Zako zimechambuliwa?"

Mfanyabiashara mwingine angeapa kwa wazee wake wote. Mustansir alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kioo ni kizito kidogo kuliko kadi nyingine. Mkono haulisikii hilo, ila watu wanadhani mkono wao unasikia, basi wanapapasa hapa kaunta kutwa nzima. Mimi sipapasi, lakini siwezi kuapa kwa vidole vya watu. Abasi alikuwa sahihi, dada. Ukitaka kuokoa pesa, nunua nyingi, nunua iliyofungwa, na uifungue mbele ya wote siku hiyo hiyo iliyofika. Yeye aliiweka siku mbili kungoja Jumapili ili wote wawe na nafasi. Ndipo alipokosea."

"Kuna wanaosema imefunguliwa kwako."

"Igeuze."

Kornel aliigeuza katoni kichwa chini juu ya kaunta. Utepe wa kiwanda ulipita katikati ya kitako chake, na juu ya utepe ulipita mstari wa kalamu ya bluu, mnene, kutoka ubavu huu mpaka ule.

"Kila mzigo unaoingia stoo yangu napiga mstari chini," Mustansir alisema. "Mizigo ya kutoka pwani inapungua njiani tangu enzi za wapagazi, na siku zote huliwa kwa chini, kwa sababu juu kila mtu anaangalia. Huo niliupiga Alhamisi, na Ijumaa Abasi aliukagua mwenyewe kabla ya kuchukua. Hebu utazame vizuri."

Ng'washi aliinama. Mstari haukukutana. Utepe ulikuwa umechanwa kwa wembe katikati, kisha pande mbili zikarudishwa bila uangalifu, upande mmoja umesogea kwa upana wa kidole. Juu yake ilikuwa imebandikwa selotepu ya kawaida, ile isiyo na rangi. Jumapili katoni ilifunguliwa juu, na hakuna aliyetazama chini.

"Aliyechana alichana na mstari wako," akasema.

"Kwa hiyo mzigo uliondoka kwangu ukiwa mzima. Sasa nitaombwa radhi na nani?"

Ng'washi alinunua kalamu moja asiyoihitaji, wakatoka.

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa hatua chache kutoka sokoni. Nasri alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, na ndiye aliyeandikisha malalamiko kwa niaba ya wenzake. Alikuwa na pikipiki safi kuliko zote na sauti kubwa kuliko zote. Watu wa Ng'ambo walimwamini; sonara mmoja wa mjini alikuwa akimpa hereni na bangili za wateja azipeleke majumbani.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nieleze tena kuhusu Jumapili."

"Si nilishaeleza? Haya. Tulifungua katoni mbele ya wote, kila mtu boksi lake. Abasi alipofungua pakiti yake ya kwanza, akahesabu kadi, akaigeuza pakiti, akatazama mshono wa chini. Halafu akanyamaza. Mpaka tunamaliza zote hakusema neno. Tukamuuliza, Abasi, vioo viko wapi? Kimya. Mtu asiye na hatia anapiga kelele, Afande."

"Akahesabu kadi. Kwa nini ahesabu?"

"Zilikuwa sita. Yeye na wengine wawili walipata pakiti yenye kadi sita, wale wawili wakashangilia. Kiwanda nacho hukosea."

Jambo hilo lilikuwamo katika maelezo matatu kati ya kumi na moja aliyoyasoma Ng'washi. Mmoja, kibarua wa mashamba ya Kipalapala, alilisimulia kwa furaha, kama kwamba ndicho kitu pekee alichofaidi siku ile.

"Na vidole vya Abasi?"

"Vijana walikuwa na hasira. Mimi nilikuwa nyuma."

"Kila mtu alikuwa nyuma. Watu kumi na mmoja nyuma, mbele hakuna mtu, na tofali likajinyanyua lenyewe."

Nasri alicheka kwa adabu. "Afande, unatafuta nini? Katoni ililala kwao siku mbili, chini ya kitanda cha mama yake. Angeingia nani mwingine?"

"Hilo ni swali zuri," Ng'washi alisema, akamwacha akijipangusia kioo cha pikipiki.

Bi Mwanne, mama yake Abasi, alikuwa ukumbini kwake anakaanga karanga. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, kanga imefungwa kichwani, macho mekundu kwa moshi au kwa jambo lingine. Karanga alikuwa akizinunua kwa gunia kutoka Ulyankulu, akazikaanga na chumvi, akazifunga katika vimfuko vya plastiki. Nusu ya maduka ya Ng'ambo yaliuza karanga zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea habari za Abasi?"

"Bado. Nipe kwanza karanga za elfu moja."

Bi Mwanne alimtazama kidogo, kisha akachukua mfuko. Alipimia kwa kifuniko cha chupa ya maji, vifuniko vitano, akivihesabu kwa midomo. Alipofika cha tano, vidole vyake viwili viliingia kwenye sinia, vikachota karanga chache zaidi, vikazidondosha juu. Halafu akakunja mdomo wa mfuko juu ya kipande cha msumeno wa chuma na kuupitisha kwenye mwali wa mshumaa. Plastiki ikayeyuka na kushikana, imechongoka kwa meno ya msumeno, nadhifu kama ya kiwandani. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya mbili.

"Hizo za mwisho ni za nini, mama?"

"Nyongeza."

"Hata kwa polisi?"

"Kwa yeyote. Nimefunga karanga miaka thelathini na nne. Mkono wangu haukubali kufunga kitu bila nyongeza, hata niwe na haraka vipi."

Ng'washi alifungua bahasha aliyokuja nayo, akapanga pakiti tatu za kadi kwenye mkeka, kando ya mfuko wa karanga. Kingo za chini zilifanana na ukingo wa mfuko wa karanga, jino kwa jino.

"Hizi kiwandani zinatiwa kadi tano," alisema. "Kila moja, nchi nzima. Hizi tatu zilikuwa na sita. Mtu alitoa kioo, akaweka kadi ya kawaida kufidia. Hapo zimetimia tano, ndiyo hesabu yake. Halafu kabla ya kufunga akaongeza moja. Mashine ya kiwandani haina nyongeza, mama."

Kwenye kikaango karanga zilianza kutoa moshi.

"Karanga zinaungua."

"Ziache ziungue."

Kornel, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha macho. Ng'washi aliipua kikaango mwenyewe, akakiweka chini, akakaa kwenye mkeka mbele ya mama yule.

"Lakini wewe unapima kwa kifuniko. Pakiti zilikuwa mia mbili themanini na nane, zikafunguliwa tatu tu, na zote tatu zilikuwa na kioo. Hakubahatisha mtu hapo. Aliyezichagua alikuwa na mizani ndogo inayojua uzito wa karatasi. Nani alikuja hapa na mizani ya sonara?"

Alilitamka neno la mwisho taratibu. Bi Mwanne alijifunika uso kwa kanga.

"Nasri," alisema ndani ya kanga. "Alikuja Ijumaa, Abasi yuko msikitini. Akasema wenzake wamemtuma kuhakiki mzigo. Yule mtoto ananiita mama tangu hajaota ndevu, Inspekta. Nitamfukuza? Akaichana ile katoni chini, akatoa pakiti, akapima moja moja, mimi nakaanga. Akatenga tatu. Akasema hizi ni fungu lake, kuna picha ndani anazipenda, anabadilisha na zake, wenzake wasimgombeze. Nifungulie mama, unifungie kama unavyofunga karanga."

"Ukamfungia."

"Aliweka kadi yake mojamoja kama ulivyosema. Mimi nikamwambia, tia na nyingine juu. Akacheka. Akatia."

"Alikupa nini?"

"Elfu ishirini." Kanga ilishuka, uso ulikuwa umelowa. "Akasema ya mkaa. Nilijua ni nyingi kwa mkaa. Nilijua, wala sitakudanganya, ila nilizipokea."

"Na Jumapili, walipomrudisha mwanao na vidole vile?"

"Hawakumrudisha hapa. Nilimkuta hospitali na askari pembeni. Nikasema nitasema. Jioni ile ile Nasri akaja akasimama hapo alipo huyo koplo. Akasema, mama, katoni ilikuwa kwenu, mshumaa ni wako, na pesa umekula. Ukifungua mdomo mtafungwa wewe na mwanao pamoja. Jana nikampelekea Abasi chakula. Akanishika kwa mkono wa kushoto, akasema, mama, usiongee na mtu yeyote. Ndipo nikajua kwamba anajua."

Alijua tangu pakiti ya kwanza. Alikuwa amekula katika mkono ule maisha yake yote. Alihesabu sita, akatazama mshono, akajua nyumba ilikotoka. Halafu akanyamaza, wakamponda vidole akiwa amenyamaza. Ng'washi alishikwa na hasira iliyomfanya ainuke kwenye mkeka, na hakujua amkasirikie nani kwanza.

"Zima mshumaa, mama," alisema. "Chukua ushungi wako. Twende kituoni."

Walimkuta Nasri pale pale kijiweni. Mizani ya sonara, ndogo kuliko kiganja, ilikuwa chini ya kiti cha pikipiki, imeviringishwa ndani ya soksi. Kioo kimoja kilikuwa kwenye pochi yake. Viwili alikuwa ameshaviuza. Alipokalishwa mbele ya Ng'washi hakukana hata kitu kimoja, na hilo ndilo lililomuudhi inspekta kuliko kama angekana.

"Ulimtumia mama wa rafiki yako," Ng'washi alisema, "kisha ukaongoza kundi kumvunja mwanawe vidole."

"Watu walikuwa wanatazamana, Afande. Walikuwa wanatafuta mtu. Nisingepiga wa kwanza, wangeanza kuuliza."

"Kwa hiyo tofali lilikuwa mkononi mwako."

"Nimesema nilipiga. Sijasema nilipiga na nini." Alijiegemeza kwenye kiti. "Lakini tuongee kama watu wazima. Nikienda mahakamani, siendi peke yangu. Nani alifungua zile pakiti? Nani alizifunga? Nani alipokea pesa? Mimi ni kijana, nitafungwa nitoke. Yule mama ana pumu."

"Ningekuzaba kofi, Nasri, kama isingekuwa kazi hii."

"Najua, Afande. Ndiyo maana naongea na wewe hapa, siongei na wewe mtaani."

Saa tisa alasiri baba yake Nasri alifika na bahasha. Wale kumi wengine walikuwa wamejazana nje ya kituo, baada ya kuitwa na mtu ambaye hakuna aliyetaka kumtaja. Walirudishiwa elfu thelathini na sita zao, mmoja baada ya mwingine, wakaweka sahihi kwamba wameondoa malalamiko ya wizi na kwamba jambo hilo wamelimaliza nyumbani. Hakuna aliyeuliza habari za Abasi. Kibarua wa Kipalapala aliuliza kama zile kadi za kawaida wanaruhusiwa kubaki nazo. Aliambiwa anaruhusiwa, akashukuru.

Wizi ukawa umefutika. Ukabaki mkono.

Ng'washi alimtoa Abasi mahabusu, akamkalisha kwenye benchi lile lile. Bi Mwanne alikuwa ameshaketi pembeni ya meza, ushungi umemfunika mpaka machoni. Mama na mwana hawakusalimiana.

"Uko huru kwa upande wa kadi," Ng'washi alimwambia. "Ungamo lako sikuliandika. Sasa kuna shambulio la kudhuru mwili. Hilo ni lako peke yako. Ukilisimamia, nampeleka Nasri kesho asubuhi, na nitaipeleka kesi hiyo kwa mikono miwili. Lakini ameshasema atakachosema huko."

"Kuhusu mama."

"Kuhusu mama. Nitaomba awe shahidi, asiwe mshitakiwa. Huenda wakanikubalia. Anayeamua si mimi."

"Atalala humu?"

"Anaweza kulala."

"Siku ngapi?"

"Siwezi kukuahidi, Abasi. Ningeweza ningekuahidi."

Abasi alitazama hogo lake. Ncha za vidole zilizochungulia zilikuwa zimevimba na kuwa nyeusi, na daktari alikuwa ameandika kwa herufi safi kabisa kwamba viwili kati ya vitatu havitakunjika tena. Mwanamume wa miaka thelathini na moja, hana kazi nyingine aliyojifunza. Ng'washi alitamani Abasi akatae kumwachia Nasri. Alitamani hivyo kwa nguvu, lakini halikuwa jambo lake.

"Andika nilianguka," Abasi alisema.

"Abasi."

"Andika, Afande. Si ulikataa kuniandikia asubuhi? Niandikie hili."

"Daktari ameandika tofali."

"Niliangukia tofali."

Kornel alivuta pumzi kwa sauti. Ng'washi alichukua karatasi mpya, akaandika tarehe, jina, umri na kazi. Kwenye kazi kalamu yake ilisimama, kisha akaandika fundi viatu.

"Ninahitaji mtu aliyekuona ukianguka," alisema bila kuinua macho. "Bila shahidi, wakubwa wangu wataurudisha mkono huu mezani kwangu, na nitalazimika kumkamata Nasri, utake usitake."

Alisema hivyo makusudi, na taratibu, ili mlango ubaki wazi kidogo. Kama hakuna shahidi, hakuna uongo. Yule mama alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, kama alivyokaa siku mbili zote zile.

"Mimi," Bi Mwanne alisema.

Abasi aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Wewe ulimwona?" Ng'washi aliuliza.

"Nilimwona."

"Alianguka wapi, mama?"

"Mlangoni kwangu." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Mimi nilikuwa ndani nakaanga. Alianguka mlangoni kwangu, nikamwona kwa macho yangu."

Ng'washi aliandika neno kwa neno. Kornel akamsomea mama yule maelezo yake, maana hakujua kusoma, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Akajibu ndivyo. Wakamsogezea kidau cha wino. Alichovya kidole gumba, na karatasi ikateleza juu ya meza kila alipojaribu kukiweka. Mwishowe Abasi aliinuka, akamshikia karatasi kwa mkono wake wa kushoto, isisogee.